Tairi Lililoisha ni Shahidi

Somo kwa madereva, matingo na wajumbe wa matawi



Somo la safari hii linahusu matairi. Tumeliandika kwa ajili ya madereva na matingo wa malori na trela za kampuni, lakini tunawaomba hata ndugu wa viwandani, wakata miwa na wachuma chai walisome. Wao ndio wanaopanda nyuma ya malori hayo asubuhi na jioni, na tairi likipasuka mteremkoni halimchagui dereva peke yake.

Sababu ya kuandika ni hii. Tumeletewa malalamiko ya aina moja kutoka matawi kadhaa. Tairi jipya linafungwa, baada ya miezi michache limekuwa kipara, na mwisho wa mwezi dereva anakuta mshahara wake umekatwa. Akienda ofisini kuuliza anajibiwa, "Wewe unaendesha kama uko kwenye mashindano." Hakuna aliyeinama kulitazama tairi lenyewe. Limekwisha tupwa nyuma ya karakana au limeuzwa kwa washona akala, na dereva hana la kusema ila kuapa.

Kiapo hakimsaidii mtu mbele ya mwajiri. Tairi linaweza kumsaidia. Mpira haulikі bila kuacha alama, na kila chanzo kina alama yake. Mwenye kuzijua alama hizo anaweza kusimama ofisini na kusema ni nani aliyelimaliza tairi: dereva, karakana, au amri ya ofisi yenyewe.

Tuanze na hilo neno la mashindano, kwa kuwa ndilo tunaloshitakiwa nalo. Wengi wetu tukilisikia tunafikiri Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, na ambayo iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilifanyika Naivasha, penye mashamba ya maua na wafanyakazi wenzetu. Lakini magari yale yametengenezwa kwa kazi ile, na matairi yao vivyo hivyo. Mfano ulio karibu zaidi na wetu ni ule wa watu wanaochukua gari la kawaida, la kwendea kazini, wakaliingiza kwenye uwanja wa mbio. Ujerumani kuna njia ya mbio iitwayo Nürburgring, iliyofunguliwa mwaka 1927. Sehemu yake ya kaskazini ina urefu wa karibu kilomita 21, na siku zilizopangwa mtu mwenye leseni hulipa kiingilio akapita na gari lake mwenyewe.

Je, tairi la mtu huyo linaisha vipi? Gari likiingia kona kwa kasi, mwili wake hulala upande wa nje wa kona, na uzito huhamia kwenye matairi ya upande huo, hasa lile la mbele. Tairi linakunjika kidogo na kusimamia bega lake la nje. Tukisema bega tuna maana ya ukingo ule ambapo uso wa tairi unakutana na ubavu. Mpira wa begani hupata moto, hulainika, kisha huchanika vipande vidogo kama vumbi la kifutio cha mtoto wa shule. Ukilitazama tairi hilo baadaye utaona bega la nje limeliwa kabisa, uso wake umekwaruzika kama ngozi ya kenge, na upande wa ndani bado una meno. Siku chache za namna hiyo zinaweza kumaliza tairi ambalo mjini lingetembea miaka. Tena kwa kuwa Nürburgring huzungukwa kufuata mwendo wa saa, kona nyingi ni za kulia, na tairi la mbele kushoto ndilo linaloumia zaidi.

Sasa watu hao, ambao hununua matairi kwa pesa zao wenyewe, hufanya nini ili yasiishe? Hawaendi kasi mfululizo. Baada ya mizunguko michache huzunguka mmoja polepole ili mpira upoe. Hufunga breki gari likiwa limenyooka, kabla ya kona, kisha hugeuza usukani taratibu, kwani tairi linaloambiwa kufunga breki na kugeuka kwa wakati mmoja linabebeshwa kazi mbili. Hupima upepo kila wanaposimama. Hubadilisha matairi upande. Wengine huelemeza magurudumu ya mbele kidogo, juu yakaingia ndani, ili gari likilala tairi likae bapa juu ya lami.

Basi mkiambiwa dereva ameendesha kwa mashindano, ombeni kuliona tairi. Kama ameingia kona kwa kasi siku zote, mabega ya nje ya matairi ya mbele ndiyo yatakayosema. Kasi kweli ni kitu kibaya: nguvu inayolisukuma lori nje ya kona haiongezeki sawasawa na mwendo. Kona uliyoipita kwa kilomita 30 kwa saa, ukiipita kwa 45 nguvu hiyo inakuwa mara mbili na robo. Ukiipita kwa 60 inakuwa mara nne, na mpira unalipa. Lakini kama matairi yameliwa katikati, au mabega yote mawili sawa, au upande wa ndani, hapo kona hazihusiki, na anayesema zinahusika hajalitazama tairi.

Tairi lililoliwa mabega yote mawili huku katikati kuna meno limetembea bila upepo wa kutosha. Limekaa kama mtu aliyekaa kwenye kochi bovu, katikati imebonyea na pande zimekandamizwa. Lililoliwa katikati tu limejazwa upepo kupita kiasi kwa uzito linaoubeba. Lenye mabonde mabonde kuzunguka uso wote, gari likitembea linalia kama ngoma ya mbali, mara nyingi ni shokamzoba zilizokufa au gurudumu lisilo na mizani. Lenye doa moja bapa ni breki iliyokamata gurudumu likaburuzwa bila kuzunguka. Hapo lazima tuulize zaidi: je, dereva alikanyaga breki ghafla kwa kukimbia, au breki ya gurudumu moja inakamata kabla ya nyingine? Kama doa liko kwenye tairi moja tu kila mara, twende tukaitazame breki hiyo kwanza.

Kuna alama moja tunataka tukae nayo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyowaponza madereva wengi na ndiyo isiyoonekana kwa macho. Weka kiganja juu ya uso wa tairi la mbele, kipitishe kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudishe. Kama upande mmoja mkono unateleza na upande mwingine unakwaruzwa kama na meno ya msumeno, magurudumu hayaangalii mbele sawasawa. Yamefungana vidole kama mtu mwenye matege, au yamepanuka kama miguu ya bata. Gari linaweza kwenda likinyooka kabisa na dereva asihisi kitu, kwa kuwa gurudumu la kulia linavuta huku na la kushoto linavuta kule, nguvu zikalingana. Lakini matairi yanaburuzwa. Fanyeni hesabu: gurudumu likipinda kiasi cha nusu sentimita tu katika kila mita, basi katika kila kilomita tairi linaburuzwa ubavuni mita 5. Lori likienda kilomita 100 kwa siku, tairi limesuguliwa nusu kilomita nzima, kila siku, hata kama dereva anatembea polepole kama msafara wa harusi. Magurudumu yaliyofungana hula mabega ya nje, na yaliyopanuka hula ya ndani.

Neno hilo la mabega ya nje lishikeni vizuri, kwani hapo ndipo tairi la kona na tairi la magurudumu yaliyofungana hufanana kwa mbali. Kinachoyatofautisha ni kiganja. La kufungana lina msumeno, na kwa kawaida kulia na kushoto yanaliwa karibu sawa. La kona limekwaruzika na bega limeviringika, na mara nyingi upande mmoja umezidi mwingine kwa kufuata kona za njia.

Kwenye shamba moja la chai dereva alikatwa mshahara miezi miwili kwa matairi mawili ya mbele. Wajumbe wa tawi waliyatafuta wakayakuta bado yako karakana. Mabega ya ndani yalikuwa yameisha hadi nyuzi za waya zinaonekana, ya nje yalikuwa mazima. Msumeno ulikuwapo. Tukaomba lori lenyewe liinuliwe kwa jeki, na bwana fundi, ambaye alikuwa mtu mwaminifu, akaonyesha kuwa fimbo ya usukani inayounganisha magurudumu mawili ilikuwa imepinda, na alikuwa ameiandika katika daftari lake la kuagiza vipuri wiki nyingi kabla. Kipuri hakikununuliwa. Kesi ile haikuhitaji hotuba. Daftari na matairi viliwekwa mezani, na pesa zikarudishwa.

Tumesema pia kuwa amri ya ofisi inamaliza matairi. Ubavuni mwa kila tairi la lori yameandikwa maneno ambayo wengi hatuyasomi. Tairi la 10.00R20 lililoandikwa 146/143, kwa mfano, linaruhusiwa kubeba kilo 3,000 likiwa peke yake, na kilo 2,725 likiwa pacha na mwenzake. Lori lenye mawili mbele na manne nyuma basi, kwa upande wa matairi tu, haliwezi kuzidi kilo 16,900, na humo mna uzito wa lori lenyewe. Ekseli na springi zinaweza kuruhusu chini ya hapo. Tena kipimo hicho ni kwa tairi lenye upepo wake kamili. Karani wa mizani anayepakia miwa hadi ifunike mbao za pembeni, na ofisi inayotaka safari sita mahali pa nne, ndio walioongeza uzito na moto. Ukiona pacha mmoja ana upepo na mwenzake amelegea, jua mmoja anabeba mzigo wa wawili. Na pacha wasiolingana kimo, mmoja mpya na mmoja mzee, hawawezi kuzunguka sawa kwa kuwa wamefungwa pamoja: mkubwa anabeba, mdogo anasuguliwa. Hilo si kosa la dereva, ni la aliyeyafunga pamoja.

Vilevile lori lenye ekseli mbili nyuma, likigeuka kwenye kona kali za mashamba ya milimani, husugua matairi ya nyuma kwa lazima. Hata dereva bora hawezi kulizuia. Anaweza tu kupunguza kwa kutogeuza akiwa amesimama na kwa kuchukua kona kwa upana pale njia inaporuhusu.

Juu ya upepo tunataka kutoa onyo, maana tumeona matingo wanaiga mambo ya viwanja vya mbio bila kujua. Mtu wa uwanjani, gari lake likipata moto, hutoa upepo uliozidi. Ana sababu yake: anataka kipimo fulani tairi likiwa la moto, na jioni anarudisha upepo kabla ya kwenda nyumbani. Kwenye lori la kazi msifanye hivyo. Tairi lililopimwa 100 alfajiri, likiwa baridi, linaweza kusoma 115 mchana baada ya safari, na hiyo ni kawaida kwani hewa ikipata moto hutanuka. Ukitoa zile 15, kesho alfajiri litakuwa kama 87, na hapo ndipo litakapoanza kujikunja, kupata moto zaidi na kula mabega. Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji nzima. Kulipiga teke au kuligonga kwa nyundo si kipimo. Nyundo itakuambia tairi ni bovu kabisa, haitakuambia kama ni 100 au 80.

Hapa pana jambo la uhai. Tairi lililotembea likiwa limepungua hadi asilimia 80 ya upepo wake au chini ya hapo linaweza kuwa limekatika waya ndani ya ubavu bila kuonekana nje. Ukiliongeza upepo pale pale linaweza kupasuka usoni pako. Litolewe, lifunguliwe, litazamwe ndani kwanza. Na magurudumu ya vipande, yale yenye ringi ya kufungia, yameua wajaza upepo wengi duniani: ringi isipokaa vizuri huruka kama panga. Marekani walitoa kanuni mwaka 1980 kwamba mtu anayefanya kazi hiyo lazima afundishwe kwanza, na tairi lijazwe upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wa upepo, mjazaji akiwa amesimama pembeni. Kizimba ni mabomba machache yaliyochomelewa. Karakana yenye welda haina udhuru. Mpaka kiwepo, tingo asikubali kuinama juu ya ringi hata akiharakishwa vipi.

Tuseme na upande wetu, maana chama si kichaka cha kujifichia. Dereva anayeondoka kwa kuchapa gurudumu mchangani, anayeshuka mlima bila gia na kuning'inia kwenye breki, anayepanda kingo za daraja, anayeona jiwe limekwama kati ya pacha akalipuuza, huyo anakula matairi na anahatarisha watu. Mjumbe akilitazama tairi akaona alama za dereva, amwambie mwenzake kweli kabla hajaambiwa na ofisi. Siku nyingine mjumbe huyo akisema dereva hana kosa, ataaminiwa.

Sasa sheria. Jambo la kwanza la kulishika ni kuwa kuchakaa si hasara. Tairi limenunuliwa ili lichakae, kama vile jembe na panga. Swali ni kama limechakaa kabla ya wakati wake, na kwa kosa la nani. Gazeti hili linasomwa pande zote za mpaka, kwa hiyo tunaeleza za majirani wawili. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kutokana na kosa la mfanyakazi la kukusudia, na makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Angalieni neno kukusudia. Fimbo ya usukani iliyopinda haina makusudi ya dereva. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inakwenda mbali zaidi: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aandike chanzo chake, kiasi chake na jinsi alivyokihesabu, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Matawi ya kwingineko msome sheria ya nchi yenu pamoja na katibu, na mkikaa kufanya mapatano mapya dai hili la maandishi na nafasi ya kupinga liingizwe kwa jina lake.

Nafasi ya kupinga haina faida kwa mtu asiye na kumbukumbu. Kwa hiyo kila lori liwe na daftari la shilingi chache. Andikeni namba ya tairi, tarehe lilipofungwa, gurudumu gani, na kilomita za gari siku hiyo. Andikeni pia tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni: 2319, kwa mfano, ina maana lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaloitwa jipya linaweza kuwa limekaa stoo miaka mingi, mpira ukakauka. Kila Jumatatu alfajiri pimeni upepo na kina cha meno, nje, katikati na ndani. Vipimo hivyo vitatu vikianza kuachana, tairi limeanza kusema wakati bado linaweza kuokolewa, pengine kwa kubadilishwa upande au kwa kunyoosha magurudumu. Ubovu uandikwe siku ile ile, na msimamizi atie sahihi. Akikataa, andikeni kuwa amekataa, saa ngapi na mbele ya nani.

Na kama tairi limefika waya, au ubavu umevimba, na bado mnaamriwa kupakia watu? Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa kwenye kazi anayoamini kwa sababu ya haki kuwa ina hatari kubwa na ya karibu kwa uhai wake alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Si kila nchi imeutia sahihi mkataba huo, basi fanyeni kwa utaratibu: dereva amwarifu msimamizi papo hapo, aandike, amwite mjumbe, na wote wabaki mahali pa kazi tayari kufanya kazi nyingine. Msitawanyike kwenda nyumbani, mtaitwa watoro.

Kabla ya mkutano ujao kila tawi lenye magari lichague watu wawili, mmoja dereva na mmoja kutoka kwa wapanda lori. Waende karakana wakiwa na geji na rula, waombe ruhusa, wapitishe kiganja juu ya kila tairi la mbele, na wayatazame yale yaliyotupwa nyuma. Walete maandishi: lori gani, tairi gani, limeliwa wapi. Matairi ya dereva ambaye tayari amekatwa mshahara yatafutwe kwanza, kabla washona akala hawajayafikia.